Ukifunga mazabodi (bodi kuu) ya seva, usiwe na pupa

Jamani seva, ile kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, si kama kompyuta ya mezani, ukiiwasha inakagua ramu (vijiti vya kumbukumbu) polepole na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, watu wanadhani imekufa wanaanza kufungua tena. Subiri kwanza! Ikikataa kabisa toa ramu zote ubakishe moja, kwenye sloti (tundu la kuchomekea) ile iliyotajwa na kitabu chake, na uangalie waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8, umeingia mpaka ukalia tik. Halafu huku kwetu Lamu hewa ya bahari ina chumvi, mi lazima nimulike tochi kwenye sloti, ukiona ukijani-kijani ni kutu hiyo, futa na spiriti, iache ikauke kabisa ndo urudishe umeme.