Mjomba alitaka ninunue IST

Gari langu la kwanza lilikuwa la juu, cc 2000, na mafuta lilikuwa linayanywa mpaka nikaanza kuliandikia kama mdeni. Nafanya kazi ya mahesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, kwa hiyo kuandika si shida. Nikatia daftari kwenye droo ya dashibodi, kila nikijaza fuli tanki naandika lita na kilomita. Baada ya miezi mitatu jibu likatoka: kilomita 8 kwa lita. Kibamba hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, ni kilomita 52, yaani lita 6 na nusu kila siku. Kwa petroli ya wakati ule, karibu elfu tatu kwa lita, siku 22 za kazi zilimeza laki nne na elfu 29. Chumba na sebule ninapokaa nalipa laki mbili na nusu.

Nikaliuza. Nikarudi kwenye daladala na mwendokasi miezi miwili, natafuta jingine.

Mjomba hakuwa na maswali. "Mwanangu, chukua IST. Spea zake hata muuza genge anakuuzia." Ana hoja. Toyota IST ya cc 1300 au 1500 hakuna fundi asiyeijua, na gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida isiyomshangaza mtu. Lakini jirani yangu anayo, anapita njia ileile, na nilipomwomba apime kama mimi alipata kilomita 12 kwa lita. Kwangu hiyo ingekuwa laki mbili na elfu 86 kwa mwezi. Na hapo AC haiwashi, anafika kazini shati limelowa mgongo mzima.

Kuagiza Japani nilikufikiria jioni moja tu. Nikakaa na kikokotoo cha TRA, naingiza mwaka, naingiza modeli. Gari likishapita miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unapanda tena, na kwa mfuko wangu yale ninayoyaweza ni hayo hayo yaliyopita 10. Kodi ikawa inataka kuwa gari la pili. Nikafunga kompyuta, nikaamua kutafuta gari la namba D, lililokwisha kusajiliwa hapa na kulipiwa yote na mtu mwingine.

Niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa kwenye umeme. LUKU ya elfu kumi ilikuwa inatoa uniti 28. Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, inaenda kilomita sita na zaidi kwa uniti moja, kwa hiyo hata ukihesabu unaopotea wakati wa kuchaji, siku yangu ingekula uniti 9 au 10. Elfu tatu na mia tano! Nauli ya bodaboda hiyo.

Dalali akaniita Kinondoni kuona moja ya 2012, zile za betri ya kWh 24, yaani uniti 24. Imeng'arishwa mpaka matairi. Nikawasha, nikaangalia pembeni kulia mwa dashibodi, kwenye vile vijistari vyembamba vinavyoonyesha uzima wa betri. Ikiwa mpya vinakuwa 12. Hii ilikuwa na 8.

"Dada'angu, hapo imeisha chaji tu. Ukichaji vinarudi."

Havirudi, kaka. Vinavyorudi ni vile vinene vya chaji vilivyo jirani yake, na ndiyo maana mgeni anadanganyika kirahisi. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji wala kwa feni, na joto la kwetu unalijua. Ikibaki na vijistari 8, mimi ningefika Kariakoo na kurudi Kibamba, lakini siku nikiitwa msibani Bagamoyo ningeanza kuhesabu nyumba zenye soketi njiani.

Hata hivyo kilichoniua si betri. Tunakaa wapangaji wanne kwenye LUKU moja. Mama wa chumba cha mbele ameshasemwa kikao kizima kwa sababu ya friji. Nikajaribu kuwaza nikisimama mbele ya kikao kile, waya umetoka dirishani kwangu, unaingia kwenye gari. Nikaachana nayo.

Ikabaki haibridi, gari la mafuta na umeme kwa pamoja, na kwa hela yangu haibridi maana yake ni Toyota Aqua. Injini ya cc 1500, mota ya umeme, na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Inajichaji yenyewe, unapokanyaga breki na injini inapozunguka, hakuna cha kuchomeka. Kwenye foleni ya Kimara injini inazima, gari linasogea kwa umeme, AC inaendelea kupuliza. Gari la kawaida huchoma mafuta likiwa limesimama tu, na Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili asubuhi kazi yake ni kukusimamisha.

Ya kwanza niliikuta yadi, kilomita 61,000 kwenye dashibodi. Nikafungua mlango wa dereva, nikaona kibandiko kidogo cha kubadilisha oili, maandishi ya Kijapani matupu. Sijui Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: 87,412. Kijana wa yadi akasema labda kibandiko kilitoka gari jingine. Nikamuaga vizuri.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, Tabata. Safari hii nilimlipa fundi wa haibridi elfu 50 aje nami. Nilidhani atakimbilia boneti. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akavuta kava la kiti, zile za ngozi bandia tunazovalisha magari yetu kama sofa. Nyuma yake, chini pembeni ya kiti, kuna kitundu chenye vipande vya plastiki kama mbavu. Kava lilikuwa limekiziba chote. Akafungua, akaanza kutoa: vumbi lililoshikana kama pamba ya mto, uzi wa rasta, karatasi ya pipi, maganda ya karanga.

"Dada, hii ndiyo pua ya betri. Feni inavuta hewa ya kwenye gari hapa. Ukiiziba, betri inapikwa."

Mzee akainama kuangalia. "Mimi miaka yote hii nilijua ni spika."

Fundi akachomeka mashine yake, akaniambia niendeshe, nikanyage sana kwenye kilima. Betri ile ni modyuli 20, yaani vipande 20 vilivyounganishwa, jumla volti 144, na mashine inazisoma kwa mafungu. Zote zilikuwa zinashuka pamoja na kupanda pamoja, isipokuwa jozi moja iliyokuwa inadondoka mapema kila nikikanyaga. Akanionyesha kwenye skrini kwa kidole chenye grisi, bila kusema kitu, maana mzee alikuwa amekaa nyuma yetu.

Tulianza milioni 15, tukaishia 13 na laki mbili. Jozi ile ilibadilishwa kwa laki nne, feni ikasafishwa, na fundi akanionya kwamba modyuli zilizobaki nazo ni za zamani vilevile. Kwa hiyo kila mwezi natenga laki moja ya betri nzima, kabla sijaikumbuka kwa uchungu. Laki hiyo inatoka kwenye mafuta ninayookoa: daftari sasa linasoma kilomita 20 kwa lita, AC imewashwa, na kwa petroli ya bei ileile mwezi unamalizika kwa laki moja na elfu 72 hivi. Kava la nyuma nimelikata kwa mkasi, na kila baada ya miezi mitatu napitisha brashi puani.

Mjomba alikuja Jumapili kulikagua. Akafungua boneti, akazungusha macho muda mrefu.

"Mkanda uko wapi?"

"Haina mkanda, mjomba. Haina stata wala oltaneta."

Akafunga boneti taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa watu. Akaingia kwenye usukani, nikamwambia akanyage breki abonyeze kitufe. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mbona haiwaki?"

"Ilikuwa imewaka. Sasa umeizima."