Siku Moja Maishani Mwangu: Kufasiri Mashairi ya Wapalestina

Saa 11:00 alfajiri

Baada ya sala ya alfajiri huwa silali tena, kwa sababu saa mbili hizi za mwanzo ndizo pekee ambazo nyumba yetu hapa Unguja huwa kimya kiasi cha kuniwezesha kusoma shairi la Kiarabu kwa sauti bila ya kumsumbua mtu. Mchana nafasiri hati za watu ili nipate riziki. Alfajiri zangu nimezitoa kwa diwani ndogo ya mashairi ya Wapalestina ninayoiandaa kwa Kiswahili, na mashairi niliyoyachagua yanahusu jambo moja tu: jinsi watu wa nyumba moja wanavyoishi, wanavyolishana na wanavyoagana wakati wa vita.

Leo niko na Hiba Abu Nada, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Makka mwaka 1991 na kuishi Gaza. Shairi lililo mbele yangu aliliandika tarehe 10 Oktoba 2023, vita vikiwa vimeanza siku tatu tu kabla, na tarehe 20 ya mwezi huohuo aliuawa kwa shambulio la anga huko Khan Younis. Kitenzi kinachobeba shairi zima ni uidhuka, chenye asili moja na ile "audhubillahi" ambayo kila mtoto wa chuoni hapa kwetu huitamka kabla hajafungua msahafu. Anamwombea kinga anayeongea naye, anauombea mtaa, anauombea na mnara wa msikiti, ili kombora lisiwafikie. Kisha anafika kwa watoto wadogo, ambao kwa tabasamu zao hulibadilishia kombora njia kabla halijatua.

Nimekaa na kitenzi hicho kwa siku tatu. "Nakupa hifadhi" nimeikataa kwa sababu inanukia ofisi ya wakimbizi, karatasi na mihuri. "Nakulinda" nimeifuta pia, kwani mwanamke yule hakuwa na kitu mkononi cha kumlindia mtu, naye alilijua hilo alipokuwa akiandika. Imebaki "nakukinga", na kila ninapoiandika naiona mikono ya bibi yangu ikiwa juu ya kichwa cha mtoto mwenye homa, akisoma na kupuliza, akisoma na kupuliza. Nimeiandika kwa kalamu ya risasi, maana bado sina uhakika kwamba msomaji asiyejua Kiarabu ataisikia dua iliyomo ndani yake.

Saa 2:00 asubuhi

Mama huamka na kupika kahawa ya tangawizi na iliki, na mimi huacha meza yangu na kwenda kukaa naye jikoni. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikimsomea ninachokifasiri, naye husikiliza huku akipepeta mchele. Asubuhi hii nimemsomea shairi la Mahmoud Darwish kwa mama yake, lile aliloliandika akiwa kijana gerezani katika miaka ya 1960, ambalo Waarabu wengi wanalijua kwa moyo kwa sababu mwanamuziki wa Lebanoni, Marcel Khalife, alilitia muziki. Linaanza na mkate wa mama, kahawa ya mama na mguso wa mkono wake. Hakuna bendera katika beti hizo za mwanzo, wala neno moja la vita.

Neno la kwanza kabisa, ahinnu, nimelifasiri "nina hamu". Nilisita, kwa kuwa tunasema vilevile kwamba tuna hamu ya pweza au ya halua, lakini nikakumbuka kwamba "hamu" yetu imetoka katika neno la Kiarabu ambalo maana yake ni shaka na huzuni inayoukalia moyo. Kwa hiyo Mswahili anapomwambia mama yake aliye mbali kwamba ana hamu naye, huzuni ile ya zamani imo ndani, hata kama haitajwi.

Mama aliuliza: "Kwani mama yake alikuwa wapi?" Nikamweleza kwamba Darwish alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha al-Birwa huko Galilaya, na kwamba mwaka 1948, alipokuwa na umri wa miaka saba, familia yake ilikimbilia Lebanoni pamoja na maelfu kwa maelfu ya wengine, Wapalestina zaidi ya 700,000 waliondoka au waliondolewa katika makazi yao mwaka ule, nao huuita Nakba, yaani balaa kuu. Walirejea kwa kificho baada ya muda, wakakikuta kijiji kimebomolewa, na kwa kuwa hawakuwapo siku ya kuandikishwa, sheria ya dola mpya ya Israeli iliwahesabu kuwa watu wa aina ambayo Kiarabu huiita hadhir-ghaib. Sikuhitaji kumfasiria Mama maneno hayo mawili, kwani hadhiri ni aliyepo na ghaibu ni asiyekuwapo, na alinyamaza kidogo kabla ya kuuliza: "Mtu mmoja? Awe hadhiri na awe ghaibu?"

Nilimsimulia pia kuhusu kitabu alichokiandika Darwish juu ya siku moja tu ya Agosti 1982, wakati Beirut ilipokuwa imezingirwa na jeshi la Israeli na kupigwa mabomu kutoka angani, baharini na nchi kavu. Alfajiri ya siku hiyo anataka kahawa. Jiko lake linatazama bahari, na kulifikia ni kujianika mbele ya makombora, hivyo anapiga hesabu ya dakika anazohitaji, na kurasa nyingi za mwanzo zinakwenda katika maji, moto, kijiko na povu linalopanda ndani ya birika dogo. Mama alisema kwamba mtu huyo alijua kupika kahawa kweli, kwa sababu anayekimbilia moto mkali haandiki habari ya povu.

Saa 4:00 asubuhi

Kazi ya malipo imechukua muda mfupi leo: cheti kimoja cha ndoa kutoka Maskati, na nakala ya hati ya wakfu ya nyumba iliyoko Mji Mkongwe, ambayo warithi wanaihitaji kwa Kiswahili. Hati ilitaja nyumba, mipaka yake minne na kisima chake, na neno la nyumba lilikuwa bayt, lilelile lililomo katika jina la Beit al-Ajaib pale Forodhani. Nilipofika hapo nilisimamisha kalamu. Kwa Kiarabu, bayt ni nyumba na bayt ni ubeti wa shairi; neno ni moja. Sisi tulipolipokea tuliuchukua ubeti, na kwa makazi tukabaki na "nyumba" yetu ya Kibantu, kwa hiyo mshairi wa Gaza anapocheza na maneno akisema bayt yake imebomoka, mimi nina maneno mawili ambayo hayajuani. Nimejaribu njia nyingi za kuziba pengo hilo bila ya kufanikiwa, na nadhani nitalieleza katika utangulizi, mahali ambapo mfasiri hukiri alichoshindwa kukivusha.

Saa 7:00 mchana

Maalim wangu wa ushairi, mzee wa miaka themanini na kitu, hunipokea barazani kwake kila Jumatano baada ya adhuhuri. Nikamwamkia, tukakaa, akavaa miwani yake. Leo nilimpelekea shairi la Refaat Alareer, aliyekuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, na ambaye shairi hilo aliliandika kwa Kiingereza mwaka 2011. Katika shairi anamwambia mtu kwamba, ikibidi yeye mshairi afe, basi mtu huyo aviuze vitu vya mshairi anunue kitambaa na nyuzi, atengeneze tiara nyeupe yenye mkia mrefu, ili mtoto fulani wa Gaza anayeangalia juu akimngojea baba yake aione na adhani kwa kitambo kwamba ni malaika. Mnamo Novemba 2023 alilichapisha tena, na tarehe 6 Desemba aliuawa pamoja na kaka yake, dada yake na watoto wa dada huyo. Binti yake mkubwa aliuawa Aprili 2024 pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga, mjukuu ambaye Refaat hakujaaliwa kumwona.

Maalim hakuyapenda mashairi huru maisha yake yote. "Mwanangu, tiara bila ya uzi huanguka," alisema, "na vina ndio uzi." Nilimjibu kwa adabu kwamba mishororo ya Kiingereza ni mifupi mno, mingine maneno mawili tu, kama pumzi ya mtu anayetoa wosia, na kwamba nikiinyoosha ifike mizani kumi na sita nitalazimika kumtia maneno kinywani ambayo yeye hakuyasema, na mengi kati ya hayo yatakuwa maneno ya hotuba. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kosa la sarufi. Washairi hawa wameweka mkate, birika na kitambaa, na mfasiri mwenye uchungu na jambo lenyewe huvutwa kuvibadilisha vitu hivyo viwe ushujaa na ukombozi.

Kisha yeye mwenyewe akaligundua jambo ambalo mimi, pamoja na Kiarabu changu, sikuwa nimelitazama. Alikiweka kidole juu ya neno "tiara" akauliza Waarabu wanaiitaje ndege. Nikamwambia: tayyara. Tukatazamana. Neno letu la chombo cha karatasi anachorusha mtoto ufukweni ndilo neno lao la ndege, ikiwamo ile inayodondosha mabomu, na wao tiara huiita ndege ya karatasi. Refaat aliandika kwa Kiingereza, kwa hiyo hakupata kuliona hilo katika maneno yake, lakini shairi likiingia katika Kiswahili, mtoto anatazama mbingu ileile na neno lilelile linamjia kwa sura mbili. "Usiandike kishada," alisema Maalim. "Acha tiara." Kuhusu vina hakusema tena, ila alinisomea tafsiri yote kwa sauti, akipumua mwisho wa kila mshororo mfupi, na nikajua wapi pa kukata na wapi pa kuunganisha.

Saa 10:00 jioni

Mara moja kwa wiki nasoma na wanafunzi wa skuli katika chumba cha maktaba. Leo tulisoma shairi la Zeina Azzam, Mpalestina aliyeko Marekani, aliloliandika Oktoba 2023 baada ya kupata habari kwamba wazazi wa Gaza wanaandika majina ya watoto wao miguuni na mikononi ili wakiuawa watambulike. Anayezungumza ni mtoto, naye anamwomba mama yake atumie kalamu nyeusi ya wino usiofutika, ambao hauchuruziki ukiingia maji.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu na sikuyatumia. Binti mmoja wa kidato cha pili aliuliza ikiwa mama huandika jina la mtoto peke yake au pamoja na la baba na la babu, kama tunavyoandika hapa kwetu. Nilimwambia kwamba majina ya Wapalestina hupangwa vivyo hivyo. Akaukunjua mkono wake juu ya meza, akaanza kuandika majina yake matatu kwa ncha ya kidole kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, bila ya wino, na la babu likaishia kwenye kiganja. Kisha akasema, "Mtoto mdogo mkono wake hautoshi." Darasa lilikaa kimya, nami sikuwa na la kuongeza.

Saa 3:00 usiku

Nimerudi kwa Hiba Abu Nada na ile kalamu ya risasi. Baada ya isha Mama alikuwa kitandani na mlango wa chumba chake ukiwa wazi, nami nikasimama kizingitini kumsomea tafsiri nzima ya Kiswahili, bila ya kumwambia ni ya nani wala inahusu nini: nakukinga wewe, naukinga mtaa, naukinga mnara, nawakinga wadogo. Nilipomaliza, yeye alikuwa ameinua viganja vyake viwili gizani. "Amin," alisema, akajipangusa uso.

Nimekwenda mezani, nimechukua kalamu ya wino, na nimelipitia neno "nakukinga" kila mahali lilipo.