Mshumaa ndani ya chupa ya chai

Juzi tunatoka Mikindani kurudi Mtwara mjini, mbele yetu lori limejaa korosho linapanda kilima kwa shida, dereva kalishikilia kwa hafu klachi, basi ile harufu ikaingia mpaka kwetu, mwanangu wa mwisho akaziba pua akauliza baba nani kachoma nini. Nkamwambia hiyo klachi. Klachi ni nini? Nikaanza kumweleza kwa viganja, hiki injini hiki gia boksi, vikishikana gari inakwenda, vikiachana inasimama, mama yake akanikumbusha kwamba usukani hauna mtu. Mtoto akasema kwa hiyo gari inapiga makofi. Nikaacha hapo hapo.

Ila usiku sikulala vizuri, nikawa namuwaza Fundi na mshumaa wake.

Land Rover ya Mjomba mnaijua, ile 109 ndefu, ya kijani upande mmoja na rangi isiyojulikana upande wa pili. Injini yake ya petroli ilipofikia kula oili kuliko mafuta, Mjomba akapata nyingine kwenye gari bovu la misheni Masasi, Series III, toleo la baadaye, ilikuwa imekaa chini ya mkorosho lakini ukiizungusha kwa mkono inazunguka. Ya Mjomba kadi ilisema Series IIA, yani zile zilizotengenezwa 1961 mpaka 1971. Sa kadi ni kadi tu bana. Magari yale huku kusini yameazimana vyuma miaka na miaka, boneti ya huyu difu ya yule, na gia boksi tuliyokuwa nayo hakuna aliyekuwa na uhakika ilitoka kwenye gari gani mwanzo. Gia namba wani na namba tuu zilikuwa zinasaga ukikosea kidogo, ndo Fundi akasema hii ya zamani kweli, za Series III zina sinkro, kile kinachofanya gia iingie bila kusaga, gia zote za mbele.

Injini ikaja na flaiwili yake, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalofungiwa klachi, klachi yenyewe hamna. Na klachi ya zamani nayo hamna, maana fundi wa kwanza aliyeshusha injini aliiweka mahali akasahau mahali. Kwa hiyo tukawa na flaiwili ya gari moja, gia boksi ya gari jingine, na katikati pametupu.

Mjomba kwake ilikuwa rahisi. "Piga simu Dar waambie klachi ya Land Rover, wapakie kwenye basi, kesho ipo."

"Mzee, klachi ya Land Rover ipi?"

"Si Land Rover hii hapa!"

Fundi alikuwa mtu wa Newala, mpole, hapandishi sauti, na hiyo ndo ilikuwa inamuudhi Mjomba zaidi. Akasema hii kitu Mzee haina jina. Presha pleti, ile inayobana diski kwenye flaiwili, muulize flaiwili. Diski ina mabwana wawili, upana wake muulize flaiwili, tundu lake la katikati muulize shafti ya gia boksi. Beringi, ile inayobonyeza presha ukikanyaga pedali, muulize vidole vya presha, halafu muulize na kile kinachoisukuma. Na pua ya shafti ina bushi yake ndani ya kranki, ule mhimili wa injini, hiyo nayo ina maswali yake. Ukimuuliza mmoja ukaacha wengine, utashusha gia boksi mara ya pili na mgongo ni wangu.

Akaazima futi kwa fundi cherehani wa jirani, akapima sehemu ya flaiwili inayokalia presha. Inchi tisa na nusu. Akatikisa kichwa, akasema zile IIA nyingi zilikuwa inchi tisa, presha za springi za kuzunguka na vidole vitatu, hii ya III ni ya diafram, springi moja bapa yenye majani. Mi nilikuwa nimeajiriwa kushika tochi tu, lakini pale ndo nikaelewa kwamba neno "klachi ya Land Rover" lingetuletea kitu ambacho kisingegusa hata tundu moja la bolti.

Matundu ya bolti alichukua kwa boksi la biskuti. Akalilaza juu ya flaiwili, akagonga gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu, mpaka kila tundu na kila pini ikajichora yenyewe kwenye karatasi. Hiyo nilikuwa nishaiona, ndivyo wanavyokata gasketi.

Shafti sasa. Shafti huwezi kuibeba kwenda Dar, imo ndani ya gia boksi, na Fundi hakutaka kuifungua gia boksi ambayo haijamkosea kitu. Akamtuma mtoto dukani kununua sabuni ya mche. Akakata kipande, akakitoboa katikati kwa kisu, tundu la kupitisha pua ya shafti, akakipaka maji, halafu akakaa chini mbele ya gia boksi, miguu imetanuka, akaanza kuisukuma ile sabuni kwenye meno ya shafti. Hakuisukuma kwa nguvu. Anasukuma kidogo, anasikiliza sijui anasikiliza nini, anasukuma tena. Mi namulika. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, gereji ya Magomeni ya hapa Mtwara ile bati tupu juu, na Mjomba kasimama mlangoni anasema kwa sauti ya kutusikilizisha kwamba yeye alileta gari kutengenezwa siyo kufuliwa. Sabuni ikafika mwisho wa meno. Fundi akaiacha kidogo, akaichomoa bila kuizungusha hata nywele, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi, na ndani yake meno yote yamekaa, mabonde na matuta, na kingo zake kali mpaka nikataka kuzigusa akanipiga kofi la mkono.

Afu akawasha mshumaa. Akayeyusha mwingine kwenye kopo la maziwa, akalowesha ile sabuni tena, akamimina nta taratibu mpaka ikajaa, na akachomeka msumari katikati uwe mkia wa kushikia. Tukakaa. Hakuna aliyeongea, hata Mjomba kasogea. Ilipopoa Fundi akaipasua sabuni vipande kwa kisu na ikabaki shafti, nyeupe, ya mshumaa, na meno yake. Akapitisha kidole gumba akihesabu, akahesabu na ya chuma, zikalingana. Akanikabidhi mimi, siyo Mjomba.

Tatizo likawa joto. Mshumaa mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500, kwenye basi, na miaka ile daraja la Mkapa lilikuwepo tayari lakini Somanga mpaka Ndundu bado vumbi na mashimo, ungefika umelegea. Basi dada yangu akatoa chupa ya chai, tukaijaza barafu ya dukani, mshumaa ukafungwa kwenye nailoni ukaingia humo. Safari sina cha kusimulia zaidi ya mama mmoja kiti cha pembeni aliyeniomba chai tangu Nangurukuru na mi namjibu haijaiva.

Dukani Gerezani muuzaji aliniangalia nilivyofungua chupa akaita wenzake. Nikamwambia nataka presha ya kulingana na boksi hili, diski ya kuingia kwenye mshumaa huu, na beringi hii hapa, maana Fundi alikuwa ameivua ile ya kwetu nije nayo, niilaze juu ya presha nione inakaa katikati ya majani ya diafram, isizidi isipungue. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Dogo, chukua seti nzima ya Series III, ipo kwenye boksi lake, bei nzuri, unajitesa nini?" Na kweli seti ilikuwa rahisi kuliko kimoja kimoja.

Nikaanza na diski. Moja mshumaa ulipita lakini ukawa unacheza. Nyingine haukuingia kabisa, na nilipolazimisha kidogo pua ikakatika, moyo ukanipasuka, bahati nzuri pua Fundi alikuwa keshaipima peke yake. Ikaja moja ya zamani zamani, boksi lake limechakaa, nikalenga meno, nikasukuma, ukaingia na kutulia. Ukiuzungusha diski inafuata. Kicheko kikapungua. Presha ikakubali boksi la biskuti matundu yote na pini zote. Beringi ikalala. Yule muuzaji akaniomba nimwachie mshumaa. Nikamnyima.

Kufunga mimi sikuona yote. Najua bushi ya pua Fundi aliichongesha kwa bronzi akailaza kwenye oili usiku kucha, najua diski aliiweka upande wenye springi ukiangalia gia boksi na akatuonya tusiiguse uso kwa vidole vya grisi, na ya kuilenga katikati alitumia mpini wa jembe uliochongwa na kuzungushiwa solotepu. Gia boksi ikaingia kwa mara ya kwanza. Gari ikatembea. Ikapanda mpaka Newala na mzigo, haikunuka.

Sasa ndo hapa. Mjomba aliiendesha wiki moja akarudi gereji akasema pedali inashika juu sana, mguu unamuuma, klachi siyo ya gari hili. Fundi akasema Mzee hii diafram, mguu wako umezoea ile ya zamani. Mjomba akasema ungenunua seti. Wakawa hivyo, kila wakikutana msikitini, kila kwenye msiba, pedali, seti, pedali, seti, watu wazima. Mi nimeiendesha gari ile sana. Kuna siku naona kweli inashika juu, kuna siku naona Mjomba anazidisha. Na sijawahi kumwambia mtu hili, lakini nilivyokuwa pale dukani ile seti sikuipima. Muuzaji hakunifungulia boksi na mi sikumwomba, nilikuwa nimetumwa na mshumaa. Pengine diski ya ndani ilikuwa ile ile. Pengine ilikuwa ile iliyocheza.

Kwa mila yetu ya kurithi upande wa mama gari lingeniangukia mimi, Mjomba akaliuza kabla, kwa mtu wa Tandahimba. Mwaka jana huyo bwana akanipigia, diski imeisha, anauliza hii klachi ni ya gari gani aagize. Nikabaki na simu sikioni. Nikamwambia aishushe kwanza, apige picha flaiwili, apige na meno ya shafti, anitumie. Akasema kwani huwezi kuniambia jina tu? Mpaka leo picha hajatuma.