Dola Zinazobaki

"Hizo zinazobaki zinaliwa na nani?" Mama Baraka aliniuliza hivyo Jumanne, akiwa ameketi mbele ya meza yangu mpya, na tangu hapo swali hilo limenikaa moyoni kiasi kwamba mambo makubwa ya wiki hii, yaani leseni ya kampuni yetu ya kuwatunza wazee majumbani, tuliyoifungua kwa franchaizi (kununua haki ya kutumia jina na taratibu za kampuni mama), kufika kutoka Austin, makao makuu ya jimbo letu la Texas, na mume wangu, Baba Neema, kula kiapo cha uraia wa Marekani, yamepita kama habari za nyumba ya jirani.

Mnamfahamu Mama Baraka. Ndiye aliyenipokea katika makao ya wazee kule Fort Worth nilipokuwa sijui hata kumgeuza mgonjwa kitandani, akanifundisha kuzungumza na mzee kabla ya kumgusa, kupima joto la maji kwa kiwiko, na kuulinda mgongo wangu mwenyewe. Alipokuja kuomba kazi nilisimama kumpokea, na kwa kuwa haikuwezekana nimhoji mtu aliyenifunza kazi yenyewe, nilimweleza tu masharti: familia inatozwa dola 34 kwa saa, na mtunzaji analipwa 15.

"Mdogo wangu, hapo katikati pana dola 19," akasema. "Hizo zinazobaki zinaliwa na nani?"

"Zinaliwa na kodi, bima na kampuni mama, dada."

"Na hiyo kampuni mama itakuja kumwogesha mzee?"

Hakusema kwa hasira. Alitumia sauti ile ile aliyokuwa akiniulizia zamani, katikati ya zamu ya usiku, kama nimekula. Kisha akachukua kalamu, akajaza fomu zote bila kuongeza neno, akaniombea heri, akaondoka.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo hadi Baba Neema akaja kuzima taa ya sebuleni. Mrabaha wa asilimia 5 tunaoilipa kampuni mama pamoja na asilimia 2 ya mfuko wake wa matangazo ni dola 2 na senti 38 katika kila saa. Kodi za hifadhi ya jamii na za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, zinazomhusu mwajiri, asilimia 7.65 ya mshahara, ni dola 1 na senti 15. Kuna bima ya dhima, uchunguzi wa rekodi za wafanyakazi, pango la ofisi, mshahara wa dada anayepanga zamu na kupokea simu saa nane za usiku mtunzaji anapougua, na mkopo ambao nyumba yetu ndiyo dhamana yake. Kuna pia bima ya ajali kazini, ambayo Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuikata, nami nimeikata kwa sababu nimeshuhudia migongo ya watunzaji ikiharibika na wao wakirudi nyumbani mikono mitupu. Kinachosalia baada ya hayo yote ni kidogo sana kuliko dola 19, lakini hesabu ya kwenye karatasi haikuliondoa swali, kwa maana yeye hakuuliza juu ya hesabu peke yake. Aliuliza nimesimama upande gani sasa.

Nao wanaolipa hizo dola 34 si matajiri. Medicare hailipii mtu wa kukaa na mzee mwezi hata mwezi, kumvisha, kumpikia na kumshika mkono aende msalani, kwa hiyo wengi wa familia zinazotupigia simu zinatumia akiba ya mwalimu mstaafu au zinauza nyumba ya mama. Nikipandisha bei, ninamuumiza binti wa mzee, na mrabaha nao unapanda, kwa kuwa hukatwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Nililisoma jambo hilo katika ile hati ya vipengele 23 ambayo sheria ya shirikisho inataka mnunuzi wa franchaizi apewe angalau siku 14 kabla ya kutia saini, nikaielewa vizuri, na nikatia saini kwa hiari yangu. Kampuni mama haimwogeshi mzee, ni kweli. Imetupa mafunzo, taratibu zilizoandikwa, programu ya kupangia zamu, na jina ambalo binti wa mteja wetu wa kwanza alilifahamu kwa sababu shangazi yake alihudumiwa chini ya jina hilo katika jimbo lingine. Jina langu peke yake lisingefunguliwa mlango ule, na nalisema hili kwa uchungu.

Alhamisi jioni binti huyo alinipigia simu. Baba yake, ambaye ugonjwa wa kusahau umemfanya amfukuze kila anayemkaribia na wembe, alikubali kunyolewa na Mama Baraka, akajitazama kwenye kioo, akamwomba amtafutie tai. Binti alikuwa analia, nami nikaanza kulia pale pale katika maegesho ya duka la vyakula, kwa furaha ambayo sikuipata hata siku tuliyokabidhiwa funguo za ofisi.

Mkataba unaniachia mimi kupanga mishahara. Kwa hiyo jana nimemwandikia Mama Baraka kwamba yeye, na kila mtunzaji atakayekuja na uzoefu wa miaka, ataanza kwa dola 16 na nusu, na kwamba saa zinazozidi 40 kwa wiki zitalipwa mara moja na nusu kama kanuni ya shirikisho inavyotutaka sisi kampuni za utunzaji tangu 2015, hata kama Wizara ya Kazi, iliyopendekeza mwaka 2025 kuiondoa kanuni hiyo, itaiondoa kweli. Pengo hilo litatoka kwenye sehemu yetu. Baba Neema ameipitia hesabu, amenyamaza kidogo, kisha amesema tutaishi. Mama Baraka amejibu kwa neno moja, "Asante," na nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyostahili kukiri, nikijaribu kujua kama ndani yake lile swali bado lipo.

Watabiri wanasema Jumamosi kutakuwa na mvua ya mawe kuanzia Arlington hadi Dallas, na gereji yetu imejaa makabati ya ofisi yasiyo na mahali pa kwenda, kwa hiyo magari yote mawili yako nje. Nimempigia kaka anayekaa Grand Prairie kumuuliza kama ana nafasi ya gari moja tu. Bado hajapokea.