Muuaji Mmoja, Nimemlipia Mara Mbili

Wiki tatu za kwanza London sina la kusimulia. Nilikwenda kumwangalia mdogo wangu aliyejifungua, na aliyewahi kukaa na mzazi anajua kazi yake: uji, nepi, maji ya moto, mtoto kalala, mtoto kaamka. Mji nilikuwa nikiuona dirishani, nao ulikuwa ni ua wa jirani na paka wake.

Wiki ya nne shemeji akanionea huruma. "Dada, toka hata jioni moja," akasema, na bila kuniuliza napenda nini akanikatia tiketi kwenye simu. Matembezi ya saa mbili, usiku, mitaa ya Whitechapel, kufuata nyayo za Jack the Ripper. Nilipoiona bei nikashika kichwa: pauni 15! Zaidi ya elfu hamsini za kwetu, nitembee kwa miguu yangu mwenyewe, barabara ya serikali, gizani, na mvua juu. Kwa pesa hiyo mimi natoka Tanga nakwenda Pangani, nakula samaki, narudi, na chenji inabaki. Lakini tiketi ilikuwa hairudishwi. Nikavaa koti la mdogo wangu, ambalo halifungi vifungo kwangu, nikapanda treni Barking nikashuka Aldgate East.

Tulikuwa kama watu thelathini. Mwongozaji alikuwa mzee mwenye kofia na mwavuli mwekundu, na alituambia tuufuate huo mwavuli. Akaanza: mwaka 1888, kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba, wiki kumi tu, wanawake watano waliuawa eneo hili kwa kisu. Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Aliyewaua hakupatikana. Hata hilo jina lake lilitoka kwenye barua iliyopelekwa shirika la habari mwezi Septemba, na baadaye polisi wenyewe waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari, magazeti yauzike.

Mwaka huo nikausikia vingine. Agosti 1888 ndiyo Wajerumani walipandisha bendera yao Pangani na watu wa Bushiri wakakataa. Na tarehe 3 Septemba, siku tano kabla ya Annie Chapman kuuawa, Malkia Victoria aliipa kampuni ya Waingereza hati ya kutawala upande wa Mombasa. Kwa hiyo wakati huku wanatafutana na taa vichochoroni, kule kwetu nako kulikuwa na wageni wanaingia. Mzee hakuyataja hayo, wala sikumlipia ayataje.

Tukaingia Gunthorpe Street, kichochoro cha mawe kinachopita chini ya tao, pembeni ya baa. Hapo tarehe 7 Agosti Martha Tabram alichomwa visu mara 39. Wengine humtia kwenye hesabu ya Jack, wengine humtoa. Mzee akashusha sauti, akaeleza jitu lenye kofia ndefu na mkoba, linakuja bila mlio wa viatu. Watu wakasogeleana. Mimi nikacheka peke yangu, maana huyo namjua. Huyo ni mumiani. Hakuna aliyemwona na kila mtu anaweza kukueleza sura yake. Tulipokuwa watoto mama hakuhitaji fimbo kutuingiza ndani magharibi, alihitaji neno hilo moja.

Na mumiani siku zote ni mgeni. Whitechapel ya wakati ule ilijaa Wayahudi waliokimbia Urusi na Poland, basi uvumi ukawaangukia wao. Fundi viatu mmoja, John Pizer, alikamatwa tarehe 10 Septemba kwa sababu watu walimwita Aproni ya Ngozi, jina la mshukiwa aliyekuwa akivumishwa mitaani. Alikuwa na mashahidi wa alikokuwa, wakamwachia. Goulston Street tulionyeshwa ukuta ambao usiku wa 30 Septemba ulikutwa na maandishi ya chaki yanayowataja Wayahudi, na chini yake kipande cha aproni ya Catherine Eddowes chenye damu. Mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, akaamuru yafutwe kabla ya kupambazuka, hata picha haijapigwa, kwa kuogopa Wayahudi wasije wakavamiwa. Mpaka leo watu wanamlaumu. Mimi niliyeshuhudia mtaa ukimkimbiza mtu kwa uvumi, nisingemlaumu haraka.

Sasa Mitre Square. Leo ni uwanja mdogo katikati ya maofisi ya vioo, na ubavuni ipo shule ya msingi. Eddowes jioni ile alikuwa kalewa, akawekwa mahabusu kituo cha Bishopsgate, akaachiwa mnamo saa saba usiku. Saa saba na dakika 45 askari wa zamu, Edward Watkins, akamulika kona na kumkuta. Dakika arobaini na tano! Nilitaka kuuliza kwa nini hawakumwacha alale mpaka asubuhi, lakini hapakuulizika, kwa sababu kundi la pili liliingia, kisha la tatu. Mitre Square usiku ni kama kituo cha daladala: waongozaji wanapanga foleni kuigombea kona moja, huyu hajamaliza kuua, yule anakohoa apishwe.

Hapo simu yangu ikalia. Mdogo wangu: mtoto analia, maji ya tumbo nimeyaweka wapi? Nikaandika: kabatini, nyuma ya sukari. Akajibu hayapo. Nikaandika: sukari ya kahawia, si nyeupe. Nilipoinua kichwa mwavuli mwekundu ulikuwa unatoka uwanjani. Nikauvuta mkoba nikaukimbilia.

Sauti ya mwongozaji niliiona imebadilika kidogo, nikadhani ni baridi. Watu nao niliwaona wengi zaidi, lakini kila mtu alikuwa ndani ya kofia ya koti, utamjuaje mtu kwa mgongo? Kilichonishangaza ni muuaji. Mzee alikuwa ametuandaa vizuri kabisa kwa Montague Druitt, wakili, ambaye maiti yake ilitolewa mto Thames tarehe 31 Desemba 1888, ndipo mauaji yakakoma. Nilishaanza kumkubali. Ghafla barabarani nasikia muuaji ni kinyozi wa Kipoland, Aaron Kosminski, aliyepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1891. Nikajiuliza kama nilisinzia. Nikamwuliza kijana aliyekuwa mbele yangu, "Na yule wakili?" Akaniambia, "Wakili gani?"

Nikanyamaza. Mgeni ukiuliza sana unaonekana mshamba.

Tukafika Hanbury Street. Nyumba namba 29, alikokutwa Annie Chapman, haipo tena, ilivunjwa na kiwanda cha bia kikajengwa juu yake. Ni ukuta mrefu wa matofali. Mwongozaji akatoa koti lake projekta ndogo, saizi ya kiberiti cha jikoni, akaielekeza ukutani. Kulikuwa na bomba la maji ya mvua linashuka, na juu ya matofali, bomba likimpita shavuni, akatokea mwanamke aliyekufa. Annie Chapman, umri miaka 47, picha ya mochwari. Uso umevimba. Mkubwa kuliko mlango. Watu wakainua simu wampige picha. Kijana wa kupeleka vyakula akapita na baiskeli, mgongoni kabeba lile begi la mraba, na kwa nukta moja ule uso ukahama ukutani ukakaa juu ya begi lake, halafu ukarudi. Yeye hakujua.

"Na hapa polisi waliharibu," mwongozaji akasema kwa uchangamfu. Maiti ilipofikishwa mochwari, wauguzi wawili wa hospitali ya maskini waliivua nguo na kuiosha kabla daktari hajaichunguza. Daktari, George Bagster Phillips, alilalamika. "Waliuosha ushahidi wote!" Kundi likacheka.

Mama yangu ni mwosha. Ngamiani yote inamjua. Akifa mwanamke hutumwa mtoto aje apige hodi, saa yoyote. Nilikuwa na miaka kumi na saba aliponichukua mara ya kwanza, kazi yangu kushika shuka. Shuka halitoki juu ya maiti, mkono wa mwosha ndio unaopita chini yake. Aliniambia ukiona kovu, ukiona alama, ukiona lolote, umeliacha hapo hapo na maji yake. Njiani tukirudi nikataka kusema kitu kuhusu mgongo wa yule bibi. Alinitazama tu. Sijawahi kusema mpaka leo, na hapa pia sisemi.

Sasa niko Hanbury Street, mwanamke wa watu kaanikwa ukutani miaka zaidi ya mia na thelathini baada ya kufa, hana hata shuka, na mimi nimelipia. Nikatazama chini kwenye maji ya mvua mpaka taa ilipozimwa.

Matembezi yakaishia mbele ya baa ya Ten Bells, ng'ambo ya kanisa la Christ Church. Mwongozaji akavua kofia akaigeuza. Matembezi haya ni ya bure, akasema, kila mtu atoe anachoona yanastahili. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi nilishalipa. Akaomba aone. Akasoma simu yangu, akacheka kwa nguvu, akawaita na wenzake waone. "Mama, hii si yetu. Wewe ulikuja na wale wengine, tulikupata Mitre Square."

Watu wote wananitazama. Nikatia pauni tano kwenye kofia, noti, kwa sababu sarafu zilikuwa chini ya mkoba na aibu ilikuwa juu. Yule mzee wa kwanza nahisi mpaka leo ananihesabu pungufu.

Sikutaka kurudi Aldgate na kukutana naye. Nikapita Brick Lane kwenda stesheni ya Whitechapel. Sambusa moja nilitajiwa pauni mbili, nikampa muuzaji salamu na kuendelea. Ule msikiti wa Brick Lane una historia yake: ulijengwa 1743 kuwa kanisa la Wafaransa waliokimbia nchi yao, mwaka 1898 ukawa sinagogi, mwaka 1976 ukawa msikiti. Jengo lile lile, wakimbizi wanapokezana.

Nyuma ya stesheni ipo Durward Street. Zamani iliitwa Buck's Row, na hapo ndipo Mary Ann Nichols, wenyewe wakimwita Polly, alipokutwa chini, mnamo saa tisa na dakika 40 usiku. Hapakuwa na kundi lolote. Fundi mmoja alikuwa anafunga baiskeli yake, basi. Polly usiku ule alifukuzwa gesti ya maskini huko Thrawl Street kwa kukosa peni nne, bei ya kitanda. Alitoka anacheka, anaonyesha kofia yake mpya, anasema pesa ataipata sasa hivi. Mwenzake mmoja alimkuta saa nane na nusu kwenye kona, hajiwezi kwa pombe, na Polly akamwambia pesa ya kitanda alishaipata mara tatu siku ile na yote kaitumia. Annie Chapman naye wiki iliyofuata alitolewa nje kwa sababu hiyo hiyo. Pesa ya kitanda.

Mimi ni muuza duka, hesabu haziniachi hata nikiwa na huzuni. Pauni ya wakati ule ilikuwa na peni 240. Pauni 15 ni peni 3,600, gawa kwa nne, ni usiku 900. Ongeza pauni tano za kofia, usiku 300. Jumla usiku 1,200 kitandani, zaidi ya miaka mitatu. Najua pesa ya leo si ya juzi, na shemeji nilipomweleza akaniambia hivyo hivyo. Lakini pale barabarani niliihesabu mara mbili nikaikuta sawa.

Kwenye treni nikasoma maelezo ya kile kikao cha kuchunguza kifo cha Annie, kwa sababu kicheko kile kilikuwa kinaniuma. Muuguzi mmoja, Mary Simonds, aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza kuwa waliambiwa wamvue, wakamvua, wakaziweka nguo pembeni, wakamsafisha damu. Leso iliyokuwa shingoni waliiacha. Kwa hilo walikuwa na hakika. Nikapitiliza kituo changu.

Asubuhi nikampigia mama. Nilimsimulia vile vituko vya miavuli akacheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwa Annie akaacha kucheka.

"Waliomwosha ni wanawake?"

"Wanawake, mama. Wauguzi wawili."

"Na huyo alichinjwa shingo, si ndivyo?"

"Ndiyo."

"Leso waliitoa?"

"Wamesema waliiacha."

Nikasikia jogoo wa jirani yake, na mtu anaburuta ndoo.

"Wanaijua kazi hao," mama akasema. "Haya, mzazi mmeshamkanda leo?"

Tulikuwa hatujamkanda. Nikaenda kubandika maji.