Toruń kwa hela ya mwanafunzi

Kila niliyemwambia nataka kutoka kidogo wikiendi alinijibu Kraków. Kraków, Kraków, utadhani Poland nzima ina mji mmoja. Sikatai, nishaenda, pazuri, ila ule mji unajua kabisa kwamba ni mzuri na unakutoza kwa kujua huko. Mi nilikuwa na zloti 250 za siku mbili, yaani kama shilingi laki na sitini za kwetu Tanzania, nauli humohumo, kulala humohumo, na nilikuwa nimechoka kuangalia dirisha la bweni hapa Łódź. Nikaenda Toruń. Na hela ilibaki.

Kwanza nauli. Kama unasoma chuo cha hapa na hujafika miaka 26, kitambulisho cha chuo kinakupunguzia asilimia 51 kwenye treni, hiyo ipo kwenye sheria sio ofa ya msimu, kwahiyo mtu asikwambie treni ghali panda basi kabla hujapiga hesabu. Kutoka Łódź ni masaa mawili na kitu, unapitia Kutno.

Sasa treni inakushusha Toruń Główny, ambayo usipoangalia ramani utashangaa, maana mji wa zamani uko ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ni Wisła, huo huo unaopita Kraków na Warszawa. Mabasi ya kuvuka yapo, tiketi ni vijisenti, ila mi na mabasi ya hapa tuna historia, kuna mji siutaji jina niliwahi kupanda na tiketi mkononi nimelipia kabisa nikasahau kuigonga kwenye kile kimashine, mkaguzi akaniandikia faini ya kula wiki nzima. Tangu siku hiyo nikipata sababu ya kutembea natembea. Basi nikatembea, begi mgongoni, upepo wa mtoni unapita kwenye koti kama vile sijavaa kitu, nalaani njia nzima, mpaka nilipofika darajani nikainua kichwa.

Mji wote huo hapo mbele. Ukuta wa matofali mekundu umeshuka mpaka karibu na maji, juu yake paa, juu ya paa minara ya makanisa, na hakuna ghorofa la vioo lililojipenyeza katikati kuharibu. Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Baadaye nikajua kwamba upande huo huo wa stesheni kuna sehemu wameitengeneza kabisa ya kusimama na kuangalia mji, usiku ukuta unawashiwa taa. Bure. Nilirudi usiku na chai yangu ya chupa. Ukienda Toruń ukafanya kitu kimoja tu, fanya hicho.

Historia nitaipitisha haraka. Mji ulipewa hati yake mwaka 1233 na wale watawa wapiganaji wa Kijerumani, Wapolandi wanawaita Krzyżacy, wenye joho jeupe na msalaba mweusi. Ukawa mji wa biashara, meli zinapanda na mto kutoka baharini, nafaka inashuka, vitambaa na viungo vinapanda. Vita Kuu ya Pili haikuubomoa kama ilivyobomoa Warszawa, kwahiyo nyumba unazoziona ni zenyewe kweli, hazijajengwa upya kwa kuangalia picha. UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia 1997, miaka mitatu kabla ya Mji Mkongwe wetu wa Unguja.

Ila kuna stori moja siwezi kuipitisha haraka. Hao watawa walijenga ngome yao hapo hapo mtoni, kubwa, wakawa wanautawala mji kutoka humo na kuukamua ushuru. Mwaka 1454 watu wa mji wakachoka. Wakaingia, wakaiteka, halafu wakaibomoa. Nasema wakaibomoa, sio wakaipaka rangi wakaweka mkuu wa wilaya mpya ndani, waliishusha jiwe kwa jiwe ili hao jamaa wasipate pa kurudi. Vita iliyofuata ilienda miaka kumi na tatu na ikaishia hapo hapo Toruń kwa mkataba wa amani wa 1466. Sasa nenda leo kaangalie kilichobaki cha ngome. Kuta za chini chini, mahandaki, na mnara mmoja mrefu umesimama mzima, una daraja lake la matao, unajiuliza huu ulikuwa wa nini, wa kengele, wa mfalme? Ulikuwa choo. Choo cha watawa, kilijengwa mbali kidogo juu ya kijito ili maji yachukue mzigo. Ngome yote imekwenda, choo kimebaki, miaka zaidi ya mia tano. Nilicheka peke yangu pale mpaka mama mmoja na mbwa wake wakabadilisha njia. Kuingia ndani ya magofu unalipa kidogo, ila mnara wenyewe unauona ukiwa nje, na stori ndiyo hiyo nishakupa.

Na ndivyo Toruń ilivyo, vitu vizuri viko nje, mtaani, havina geti. Nyumba ya ukumbi wa mji ipo katikati ya uwanja, limatofali kubwa, wanasema wajenzi waliifanya kama kalenda, madirisha 365, vyumba 52, kumbi kubwa 12, vijinara 4. Sikuhesabu. Mbele yake kasimama sanamu ya Copernicus, yule mtaalamu wa nyota aliyesema dunia ndiyo inalizunguka jua, aliyezaliwa hapa 1473, na maandishi ya Kilatini yanayosema aliiendesha dunia akalisimamisha jua na mbingu. Pembeni kidogo kuna punda wa shaba, watoto wanampanda kupiga picha, na wazazi wengi sidhani kama wanajua kwamba zamani punda wa hivyo alikuwa adhabu, askari mkosaji anakalishwa juu ya mgongo wenye makali, miguuni anafungwa vyuma vizito vya risasi, yale madini, vya kumvuta chini. Kona nyingine kijana wa mashua anapiga fidla kazungukwa na vyura, ngano yao inasema aliwaondoa vyura waliouvamia mji kwa muziki wake akapewa binti wa meya. Na kuna mbwa mdogo wa shaba na mwavuli wake.

Mnara uliopinda nao hulipii. Ulijengwa kwenye mchanga ukaanza kulala, sasa hivi kwa juu umetoka kama mita moja na nusu. Mchezo wake ni kuegemea ukuta, visigino na mgongo vishike matofali, unyooshe mikono mbele. Ukidondoka una dhambi. Nilidondoka mara tatu. Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wananisubiri nimalize, naye akadondoka, dada wa watu akamwangalia kwa jicho ambalo mi ningelipata ningejieleza.

Hela nilitoa sehemu moja tu, kupanda mnara wa huo ukumbi wa mji. Ngazi zinabana, mkikutana na anayeshuka mmoja lazima agande ukutani, ila juu unaona paa zote nyekundu na mto unavyokata. Makumbusho niliruka. Kama unayapenda, kumbuka sheria ya Poland inataka makumbusho ya umma yawe na siku moja kwa wiki ya kuona bure maonyesho ya kudumu, siku inatofautiana kwahiyo angalia kabla hujapanga safari, mi nilienda Jumamosi na Jumapili kama mjinga. Na Jumapili maduka makubwa karibu yote yanafungwa, nunua mkate wako Jumamosi.

Kula. Kuna migahawa inaitwa bar mleczny, tafsiri yake baa ya maziwa, wala sio baa, pombe hakuna, ni mabaki ya enzi za ujamaa na mpaka leo serikali inachangia gharama ya baadhi ya vyakula. Unasoma ubaoni, unalipa, unasubiri kuitwa dirishani. Kwa sisi tusiokula nguruwe, pierogi ruskie, yaani kama visambusa vya kuchemsha, ndani ni viazi na jibini, salama, ILA juu wanamwagia vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, kwahiyo sema "bez skwarek" mapema, usisubiri sahani ifike. Chapati za viazi nazo nzuri, na kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa, yananikumbusha juisi ya ukwaju ya shughulini.

Hapo ndipo bibi mmoja wa meza ya jirani alipoinama akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, nikajiandaa kwa maswali ya simba. Akaweka kijiko chini akasema "Tengeru". Kwa lafudhi yake, lakini Tengeru ile ile ya Arusha. Shangazi yake alikuwa mtoto kule wakati wa vita, kati ya wale wakimbizi wa Kipolandi kama elfu tano waliofikia pale kuanzia 1942, baada ya kupelekwa Siberia kwa nguvu na kutokea Uajemi. Kipolandi changu kiliishia njiani, Kiingereza chake hakikuanza kabisa, ila tulikaa. Alikuwa anajua neno moja la Kiswahili alilofundishwa na huyo shangazi, "polepole", na akalitumia kuniambia nisile haraka.

Mwisho pierniki, mkate wa asali na viungo, ndiyo sifa ya Toruń tangu zama hizo za watawa. Angalizo, yale mazuri yenye sura ya wafalme na farasi ni pambo, ni magumu kama kigae, nimejaribu kwa jino langu mwenyewe. Ya kula ni yale laini, Katarzynki, chukua dukani ya kawaida bila boksi la maua. Ukifungua inakupiga harufu ya mdalasini, tangawizi na karafuu, na mi mamangu mtu wa Wete, hiyo harufu ni ya mikekani kwetu, nilibaki nimesimama barabarani nanusa pakiti kama mwizi. Karafuu zao za zamani hazikutoka Pemba lakini, wakati huo zilikuwa zinatoka visiwa vya Maluku, kule Indonesia ya leo, zinabadilisha mikono safari nzima mpaka kufika huku kwenye baridi, sisi mikarafuu tumeipata karne ya kumi na tisa.

Nilimtumia mama pakiti mbili kwa mtu aliyekuwa anaenda nyumbani. Wiki mbili baadaye ikaja voisi yake, anatafuna humo humo. "Asali wametia ya kutosha, Mungu awabariki. Karafuu wamebania."