Kwa wasanii wa drag, wanaume wanaopanda jukwaani na wigi wakivalia kike, Kisumu

Joto la ziwani halina huruma, kwa hivyo anza kwa kulaza na kuficha nyusi zako. Gundi ya kupaka ile ya watoto wa shule, tabaka 3, kila moja ikauke kabisa ndipo upake nyingine. Wengi huharakisha la pili: likinasa unyevu chini, saa sita usiku jasho linaifumua na nyusi zinachungulia katikati ya wimbo. Malizia na poda, kisha faundesheni. Nyonga za bandia ni sponji ya godoro, kingo zikatwe mshazari, juu yake taitsi 2. Ukivaa moja tu mikunjo itaonekana, na taa hazifichi kitu.

Mshereheshaji, nyimbo ziwe kwenye flashi na kwenye simu. Usiongee zaidi ya dakika moja kati ya wasanii, watu wamekuja kucheza.

Mahali pa shoo patumwe zikiwa zimebaki saa mbili ianze, kwa waliothibitishwa tu. Kamera za simu zibandikwe stika mlangoni, bila kubembelezana. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, na picha moja humfukuzisha mtu nyumba. Kabla ya kuita boda, nawa uso. Mafuta ya nazi hutoa hiyo gundi vizuri.